Saa za Baba ni Mali ya Nani?

Juu ya mtu apendaye kukimbia mbio ndefu, naye ana mke na watoto

Mtu mzima akionekana anakimbia njiani alfajiri, watu huuliza: "Nani anamfukuza?" Kwa wazee wetu mtu hukimbia akiwa na sababu: nyoka, mvua, habari ya kilio, ao kengele ya kazi. Lakini siku hizi tunaona walimu, makarani, waganga na mafundi, watu wenye mke na watoto, wanaoamka gizani, wanavaa viatu vyao, wanakwenda kilometa kumi, ishirini, hata thelathini, kisha wanarudi palepale walipotoka. Hawafukuzwi na mtu. Hawalipwi na mtu. Na kesho watafanya vilevile.

Wengine huwacheka, wengine huwasifu. Sisi hatutaki kuwacheka, wala hatutaki kuwasifu upesi. Tunataka kuuliza swali moja lililo zito kuliko linavyoonekana: mtu aliyejifunga kwa ndoa, mwenye watoto wanaomtazamia, ana haki gani ya kutoa saa nyingi namna hiyo kwa jambo ambalo halileti chakula nyumbani? Na kama haki anayo, mpaka wake ni wapi?

Swali hili si la wakimbiaji tu. Mwenye kupenda mpira, mwenye kupiga gitaa, mwenye kuvua samaki, hata mwenye kukaa katika mikutano ya parokia jioni zote, ajitazame katika mkimbiaji kama katika kioo. Tumemchagua mkimbiaji kwa sababu hesabu yake ni wazi: kilometa zinahesabika, na saa zinahesabika.

1. Mtu huyu ni nani?

Tuelewane kwanza. Hatusemi juu ya mtu ambaye mbio ni kazi yake ya mshahara. Wako watu wa namna hiyo, wengi wao wametoka Kenya na Ethiopia. Wanalisha jamaa zao kwa miguu yao, na kukimbia kwao ni sawasawa na kulima. Wala hatusemi juu ya kijana asiye na mke. Tunasema juu ya yule ambaye Wafaransa humwita "amateur". Neno hilo limetoka katika Kilatini, na maana yake ni "mwenye kupenda". Anakimbia kwa sababu anapenda. Ni sababu nzuri. Lakini mapendo nayo huulizwa maswali.

Kitu apendacho si mchezo wa dakika chache. Mbio ya maratoni ni kilometa 42 na meta 195. Kipimo hicho kilitumiwa kwanza katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka wa 1908, kikawekwa kuwa sheria mwaka wa 1921. Mtu asiye bingwa huimaliza kwa saa nne ao tano. Saa hizo ni kidogo tu mbele ya saa za kujitayarisha. Tufanye hesabu. Mtu akikimbia kilometa 80 kwa juma, na kila kilometa kwa dakika 6, hapo zimekwisha saa 8. Ongeza kuvaa, kuoga, kujinyosha na kupumzika. Ongeza tena usiku anapokwenda kulala mapema, watoto wakingali macho, kusudi aamke mapema. Itakuwa saa 12 ao zaidi, kila juma, kwa muda wa miezi mitatu ao minne, kabla ya shindano moja. Na ile siku ya mwendo mrefu kuliko yote, wa saa mbili u nusu ao tatu, mara nyingi ni siku ya posho ao siku ya Mungu, yaani siku zile ambazo watoto hawaendi shuleni, nao wana hamu ya kumwona baba yao.

Hiyo ndiyo hesabu. Sasa tuwasikilize watu.

2. Wenye kumlaumu

Wa kwanza husema: "Nguvu hizo angezitia shambani. Mwenye watoto anawezaje kutoa jasho bure?" Neno hili lina kweli ndani yake. Mwenye kuacha watoto na njaa kusudi aende kukimbia, huyo hana la kujibu, nasi hatutamtetea. Kwanza chakula, kwanza mavazi, kwanza dawa, kwanza shule. Lakini mtu aliyekwisha kutimiza hayo, je, inampasa kugeuza kila nafasi ya maisha yake kuwa franka? Sisi hatuamini hivyo. Mtu si jembe, ambalo kazi ikiisha linawekwa pembeni mpaka kesho. Mtoto akimwona baba yake anafanya jambo gumu pasipo kulipwa, siku ya mvua na siku ya jua, pasipo kunung'unika, anajifunza kitu ambacho maneno hayafundishi: kwamba yako mambo mema ambayo hayana bei.

Tena wenye kulaumu wajiangalie. Si kila baba asiyekimbia anakaa na watoto wake. Mwingine saa zake huishia kwenye pombe, mwingine katika simu, macho yamebandikwa humo, mtoto anamwita mara tatu wala hasikii. Huyo asijisifu mbele ya mkimbiaji. Mkimbiaji walau hurudi nyumbani akiwa na akili zake.

Wa pili husema: "Atajiua. Moyo utapasuka." Juu ya neno hili tunayo habari ya kweli. Huko Boston, Marekani, alikuwako fundi wa kuchapa vitabu na magazeti, jina lake Clarence DeMar. Mwaka wa 1911 alishinda maratoni ya Boston. Lakini mganga alikuwa amesikiliza moyo wake, akamwambia hausikiki vema, heri aache mbio. Kwa miaka mingi DeMar alishindana mara chache tu. Kisha akarudi, akashinda Boston mwaka wa 1922, 1923, 1924, 1927, 1928 na 1930. Pamoja na ile ya kwanza, mara saba. Katika Olimpiki ya Paris, mwaka wa 1924, alikuwa wa tatu katika maratoni. Siku zile Boston haikutoa fedha hata kidogo. Zawadi za fedha zilianza huko mwaka wa 1986 tu. DeMar aliishi kwa kazi ya mikono yake, kisha akafundisha wengine kazi ya kuchapa. Akawa mume na baba. Alikimbia Boston mara ya mwisho mwaka wa 1954, akiwa na miaka 65. Alipokufa kwa kansa, mwaka wa 1958, waganga waliutazama moyo wake ule uliotiliwa mashaka. Wakakuta mishipa inayoulisha moyo damu ni mipana mara mbili ao tatu kuliko ya watu wengine.

Katika habari hiyo kuna jambo dogo tunalolipenda kuliko ushindi wote saba. DeMar alizoea kwenda kazini kwake akikimbia, na kurudi akikimbia. Wengine walipanda gari, yeye alipanda miguu yake. Kwa namna hiyo sehemu kubwa ya kilometa zake hazikuondolewa mezani pa jamaa. Zilikuwa ndani ya safari ambayo angeifanya vyovyote.

Lakini moyo wa mtu mmoja si sheria kwa mioyo yote. Jim Peters alikuwa Mwingereza, fundi wa miwani, mwenye mke na watoto. Mwaka wa 1953 alikuwa mtu wa kwanza kumaliza maratoni chini ya saa mbili na dakika ishirini. Tarehe 7 Agosti 1954 alishindana huko Vancouver, Kanada, na jua lilikuwa kali. Aliingia uwanjani akiwatangulia wenzake kwa dakika 17 hivi. Ilibaki kidogo tu. Hapo akaanguka. Akainuka, akayumba kama mlevi, akaanguka tena, akainuka tena, mara nyingi. Kwa muda wa dakika 11 alikwenda meta zisizofika hata 200, watazamaji wakimlilia aache, mpaka mtu wa kundi lake akamshika. Hakufika mwisho. Alipelekwa hospitali, akapona, wala hakushindana tena hata siku moja.

Tukisoma habari hiyo tunastaajabia nguvu za roho yake. Lakini tuulize: katika dakika zile 11, ni nani aliyekuwa akianguka? Ni mkimbiaji tu? Sivyo. Alikuwa akianguka mume wa mtu; alikuwa akianguka baba. Wakristu wenye kupenda mbio wanajua kwamba Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya tisa, alitumia mfano wa wakimbiaji wanaojinyima kwa ajili ya taji. Alijua anaandikia watu wa namna gani, maana karibu na Korinto palifanywa michezo mikubwa ya Wagiriki. Wanapenda sana sura hiyo. Basi warudi nyuma kidogo, wasome na ya saba, ambamo Mtume anafundisha kwamba mume hana amri peke yake juu ya mwili wake. Mke naye anayo, na vilevile mume juu ya mwili wa mke. Sura hizo mbili ziliandikwa na mkono mmoja kwa watu walewale.

3. Wenye kumsifu

Wenye kumsifu nao wanaweza kukosa. Husema: "Tazama mtu huyu anavyojinyima! Usingizi anaacha, pombe anaacha, baridi haogopi." Tunakubali kwamba amejinyima. Lakini tuulize tena: katika nyumba ile, ni nani mwingine aliyenyimwa?

Katika karne ya 19 huko Uingereza, mabwana wenye mali walifanya vyama vya michezo kwa ajili ya "amateurs" tu. Katika vyama vingine sheria haikuwakataa tu wale waliokimbia kwa fedha. Iliwakataa hata mafundi wa mikono na vibarua. Walisema mchezo upasa kuchezwa kwa mapendo. Ni neno zuri. Lakini mabwana hao waliweza kucheza kwa mapendo kwa sababu nyumbani walikuwa na watumishi wa kupika, wa kufua na wa kulea watoto. Mapendo ya bwana yalibebwa na mabega ya mtumishi. Sheria ile imekufa zamani. Tuangalie tu isizaliwe tena katika nyumba zetu, mke akiwa ndiye mtumishi.

Tazama namna inavyotokea. Baba ametoka saa kumi na moja alfajiri, mlango ameufunga polepole kusudi asiwaamshe watu, anajiona mwema. Lakini mtoto mdogo ameamka, analia. Mwingine ana homa. Maji hayajatekwa, moto haujawashwa. Mama anafanya kazi ya watu wawili kwa mikono miwili. Saa mbili baba anarudi, jasho linamtoka, uso unang'aa kwa furaha. Anataka maji ya kuoga, anataka chakula kingi, kisha anataka kulala kidogo kwa sababu miguu imechoka. Jioni anahesabu kilometa zake katika daftari. Kilometa za mama, za kisimani na sokoni na jikoni, hazikuandikwa na mtu.

Tunasoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli kwamba mfalme Daudi alitaka kumtolea Mungu sadaka katika kiwanja cha kupuria ngano cha mtu mwingine. Mwenyewe akataka kumpa bure kiwanja na ng'ombe. Daudi akakataa, hakutaka kutoa sadaka ambayo yeye hakuilipia, akanunua vyote. Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Sadaka hutolewa katika mali ya mwenye kuitoa. Mwenye kutoa usingizi wake mwenyewe, ametoa sadaka. Mwenye kutoa usingizi wa mke wake, na kuita sadaka yake, amechukua cha mwingine na kujivika sifa.

Wengine hujibu: "Lakini mke wangu amekubali." Tunafurahi kama ni kweli. Lakini kunyamaza si kukubali. Mwanamke anaweza kunyamaza kwa sababu amechoka na mabishano, ao kwa sababu anaogopa kuonekana mwenye wivu mbele ya jambo ambalo watu wote wanalisifu. Ni vigumu kulalamika juu ya mume asiyelewa, asiyetangatanga, anayekimbia tu! Majirani watamwambia: "Wewe una bahati." Basi atafunga kinywa. Mume mwenye akili hatajiridhisha na kinywa kilichofungwa. Na watoto je? Wao hawawezi kukubali wala kukataa. Mtoto wa miaka mitano hangojei mpaka baba amalize mashindano yake. Mwaka ujao atakuwa na sita, na ile mitano haitarudi.

Wengine tena hujibu: "Nakimbia kwa ajili ya afya, kusudi niishi siku nyingi na watoto wangu." Ni sababu njema, lakini ipimwe kwa haki. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka wa 2020, liliandika kwamba mtu mzima yampasa kufanya mwendo wa kadiri, kama kutembea upesi, kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma. Ao mwendo wa nguvu, kama kukimbia, kwa dakika 75 mpaka 150. Dakika 150 ni saa mbili u nusu. Mwenye kukimbia saa nane amekwisha kuipita sana ile haja ya afya. Hatusemi kwamba ni vibaya. Tunasema tu asiweke jina la afya juu ya kitu ambacho ni mapendo. Aseme wazi: "Ninafanya hivi kwa sababu ninapenda." Hapo mke wake atajua anaombwa nini, naye ataweza kujibu.

4. Mtumishi ao bwana?

Sasa tufike kwenye hatari kubwa zaidi. Mwanzoni mtu hukimbia kwa sababu anataka. Siku zikipita, wengine hukimbia kwa sababu hawawezi kuacha. Wakikosa siku moja wanakuwa wakali nyumbani, wanaona haya kama watu waliotenda dhambi. Mtoto akiugua, neno la kwanza linalowajia moyoni si "Maskini mtoto", ni "Na mbio zangu za leo?" Mtu aliyefika hapo bado anajiita mwenye kupenda. Lakini amekwisha kuwa mtumwa.

Mwingereza Ron Hill alikuwa mtaalamu wa kemia ya nguo, mwenye mke na watoto wawili wa kiume. Alishinda maratoni ya Boston mwaka wa 1970. Lakini watu wanamkumbuka kwa jambo lingine. Tangu tarehe 20 Desemba 1964 mpaka mwisho wa mwezi wa Januari 2017, alikimbia kila siku, pasipo kuacha hata moja. Ni miaka 52, siku elfu kumi na tisa na zaidi. Kipimo chake kidogo kilikuwa maili moja, yaani kilometa moja na meta 600. Mwaka wa 1993 alipopasuliwa mguu, alikwenda maili yake kwa magongo.

Uaminifu huo unashangaza, wala hatutaki kuudharau. Ni wangapi kati yetu walioshika neno moja kwa miaka 52? Lakini kila mtu mwenye mapendo makubwa ajiulize mbele ya magongo yale: siku kama hiyo, nani ni bwana na nani ni mtumishi?

Jibu zuri alilitoa Hill mwenyewe, mwishoni. Mwezi ule wa Januari 2017, akiwa na miaka 78, moyo ulianza kumwuma njiani. Alimaliza maili yake ya siku ile, kisha akaacha. Alieleza kwamba hakuona njia nyingine. Alikuwa na deni kwa mke wake, kwa jamaa na rafiki zake, na kwake mwenyewe. Alikufa mwaka wa 2021. Kwa macho yetu, siku ile aliyoacha ina uzito kama siku zote elfu kumi na tisa alizokimbia, maana ilionyesha kwamba ndani ya mtu yule kulikuwa na amri iliyo juu ya miguu yake.

Neno "deni" lilimjia mwishoni. Heri yule ambaye neno hilo linamjia mapema.

5. Na mama je?

Mpaka hapa tumesema juu ya baba. Lakini wanawake nao wanakimbia, ijapokuwa walifunguliwa mlango kwa kuchelewa: Boston iliwapokea rasmi mwaka wa 1972, na maratoni ya wanawake katika Olimpiki ilianza mwaka wa 1984. Mama mmoja anatufundisha neno ambalo baba wengi hawajalisikia.

Jasmin Paris ni mganga wa wanyama huko Scotland. Mwezi wa Januari 2019 aliingia katika mbio inayoitwa Spine Race, kilometa 431 juu ya milima, wakati wa baridi kali, mchana na usiku. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi 14, ambaye alikuwa hajamwachisha ziwa. Katika vituo, wengine walipopumzika, yeye alikamua maziwa. Alimaliza kwa saa 83 na dakika 12, akawatangulia wanaume wote, akaipita rekodi ya zamani kwa saa 12. Mwezi wa Machi 2024, akiwa sasa mama wa watoto wawili, alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza mbio ya Barkley huko Tennessee, Marekani, ambayo mpaka wake ni saa 60. Zilibaki sekunde 99 tu.

Habari hiyo ilipotangazwa mwaka wa 2019, watu wengi waliuliza mara moja: "Na mtoto amebaki na nani?" Ni swali jema. Lakini angalieni: baba akienda kukimbia siku tatu, ni nani anayeuliza hivyo? Mama akitoka, kila mtu anajua kwamba nyuma yake yuko mtu mwingine aliyebeba mtoto. Baba akitoka, yule mwingine haonekani. Wala si kwamba hayuko. Yuko, amebeba, ila macho yetu yamezoea kumpita. Basi hatusemi mama aache kuulizwa. Tunasema baba naye aulizwe swali lilelile, na kwa sauti ileile.

6. Basi tufanye nini?

Tumalize kwa kusema tunavyoamini. Mtu mwenye mke na watoto ana haki ya kupenda jambo jema lisilo na faida ya mfuko, na mbio ni moja la mambo hayo. Lakini saa zake si mali yake peke yake. Siku ya ndoa hakutoa moyo tu. Alitoa na saa. Tangu siku ile saa za baba na za mama zimewekwa katika sanduku moja lenye funguo mbili. Kwa hiyo tunashauri haya.

Kwanza, aombe, asitangaze. Kusema "Mwezi wa kumi nitashindana" ni kutangaza. Kuuliza "Nikitaka kushindana mwezi wa kumi, nyumba itabebaje?" ni kuomba. Na mwenye kuomba awe tayari kusikia "Si mwaka huu." Mwaka ambao mtoto amezaliwa, ao mzee anaugua nyumbani, ao mke anafanya mitihani yake, "Si mwaka huu" ni jibu la haki.

Pili, achague saa zake vema. Afanye kama yule fundi wa Boston: akimbie kwenda kazini, akimbie kabla watu hawajaamka, kisha arudi akawashe moto mwenyewe. Siku ya Mungu asiikate vipande mpaka Misa na watoto wapate mabaki.

Tatu, arudishe. Akichukua saa tatu za siku ya posho, mke naye apate saa tatu zilizo zake kweli, za kwenda kwa dada zake, za kusoma, za kulala, ao za kukimbia yeye mwenyewe akipenda. Asizite saa hizo msaada. Ni malipo ya deni.

Nne, ajizoeze kuacha. Mara kwa mara, hata pasipo sababu kubwa, aache siku moja kwa ajili ya mtoto anayetaka kucheza tu. Akiona hawezi, amekwisha kujua ugonjwa wake.

Na ninyi mlio wake wa wakimbiaji, ao waume wao: msicheke mapendo ya mwenzenu, na msiyanyamazie pia. Kama saa zinawauma, semeni mapema, wakati neno lingali dogo. Na ninyi vijana mnaotaka kuoa na kuolewa: mambo mnayoyapenda sana, semezaneni juu yake kabla ya harusi, pamoja na mambo ya mahari na ya kazi. Ni mengi yanayovunjika baadaye kwa sababu mmoja alifikiri mwenzake atabadilika, na mwingine alifikiri mwenzake atazoea.

Mwenye kukimbia, ambaye amesoma mpaka hapa, tunamwomba kitu kimoja. Jioni hii, watoto wakiisha kulala, amwulize mke wake ao mume wake: "Mbio zangu zinakugharimu nini?" Kisha akae, asijitetee, asikilize mpaka mwisho. Kesho alfajiri, kama bado ana ruhusa, aende kwa moyo mweupe.